Muuza spea anayekubali kurudishiwa

Anayestahili pongezi mjini Lubumbashi ni muuza spea anayekubali kurudishiwa mali. Magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia, katika nchi inayoendesha upande wa kulia, pamoja na spea zake, hufika huku kupitia bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia, kisha Kasumbalesa. Hadi hapo aliyeuza mwanzo yuko mbali mno kudaiwa. Linalobaki ni jina la muuzaji wa hapa. Shokapu ikianza kuvuja njia ya Kasenga, kilomita 200 hivi kuelekea mto Luapula, malalamiko ya dereva huwafikia wenzake kabla hajarudi mjini. Muuzaji mwerevu habishani: anafuta fimbo ya shokapu kwa kitambaa, anatazama mafuta na mikwaruzo, anabadilisha.

Wapo wanaosema maneno ya madereva ni fitina tu, na mshindani anaweza kuyapandikiza. Hutokea, tena si mara chache. Ila spea yenyewe haina ulimi wa kusingizia: inawekwa mezani, namba yake inalinganishwa na ya gari, na fundi asiye na maslahi anaamua. Kama kosa ni la aliyeifunga, naye (mafundi hawalipendi hili) hujulikana papo hapo. Kesi mahakamani ingegharimu zaidi kuliko shokapu yenyewe, ndiyo maana wateja huona afadhali kumlipa muuzaji huyu zaidi kidogo.