Kusoma Bluu ya Chuo: Mwongozo kwa Anayekagua Rangi Rasmi

Chuo Kikuu cha Oxford kinasema bluu yake ni Pantone 282, yaani namba ya wino katika orodha ya kampuni ya Pantone. Berkeley, kule California, nao kwa miaka mingi waliandika Pantone 282 hiyohiyo. Ukihamia kwenye skrini, Oxford wanaandika 002147, na Berkeley miaka hiyo waliandika 003262. Kwa mchapaji ni kopo moja la wino. Kwa mtengeneza tovuti ni rangi mbili. Na Pantone wenyewe, ukiwauliza 282 ya karatasi ya kung'aa ionekaneje kwenye skrini, wanakupa jibu la tatu: 041E42.

Anayeliona jedwali la namna hii kwa mara ya kwanza husema kuna mtu kakosea. Pengine hakuna. Kutambua lipi ni kosa na lipi si kosa ndiyo kazi yenyewe ya kukagua rangi rasmi, na si kila anayelipwa kuandika miongozo ya rangi za vyuo anaiweza.

Tuanze na kosa lisilo na utetezi. Msimbo wa herufi na tarakimu sita, na zile namba tatu za nyekundu, kijani na bluu, ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa mitindo miwili. 002147 ya Oxford ni 0, 33, 71, basi. Ukikuta mwongozo ambao safu hizo mbili hazikubaliani, hata kwa tarakimu moja, rudisha kazi kwa mwenyewe kabla hujaendelea. Jedwali halikuhakikiwa, na huna sababu ya kuziamini safu zake nyingine.

Ukishavuka hapo, hakuna tena ulinganifu kamili wa kudai. Skrini hutoa mwanga, wino huumeza. Wino wa Pantone huchanganywa kabla ya kufika mtamboni, kama fundi anavyochanganya rangi ya ukuta ndooni, halafu hulazwa karatasini ukiwa rangi moja. Uchapaji wa rangi nne hauchanganyi kitu: hupanga vitone vya sayani, majenta, njano na nyeusi, jicho ndilo linalovichanganya. Kwa hiyo asilimia za rangi hizo nne zilizoandikwa bila kutaja aina ya karatasi wala kiwango cha uchapaji hazijasema kitu. Vivyo hivyo namba ya Pantone isiyo na herufi mwishoni. C ni karatasi ya kung'aa, U ni isiyong'aa. Wino ni uleule, lakini kwenye karatasi isiyong'aa huzama na kufifia. Mwongozo unaoandika "282" tupu umemwachia mchapaji achague, naye atachagua kilichopo stoo.

Bluu nzito ina mtego wake. Kwa rangi nne hupatikana kwa sayani nyingi na majenta kiasi, na majenta ikizidi kidogo tu mtamboni, bluu inageuka zambarau. Wachapaji wazoefu huacha nafasi ya asilimia 30 au zaidi kati ya sayani na majenta. Ukiona mwongozo ulioandika 100 na 90, ujue aliyeuandika alibonyeza kitufe cha kubadilisha mfumo, akanakili kilichotoka, wala hakuwahi kusimama kwenye mtambo.

Sasa niseme chuo ninachokiona kimefanya kazi hii vizuri kuliko vyote, ingawa jedwali lake linaonekana la ovyo: Yale. Bluu ikawa rangi yao rasmi mwaka 1894. Kabla yake walikuwa na kijani. Katika ofisi ya Katibu wa chuo, ndani ya chumba cha hazina, vimehifadhiwa vipande viwili vya hariri ambavyo kwa mapokeo ndivyo bluu ya kwanza ya Yale. Mwaka 2005 John Gambell, mwenye cheo cha Mchapaji wa Chuo, alikabidhiwa kazi ya kuiweka sawa rangi hiyo. Hakwenda kuchukua namba kwenye kitabu cha sampuli. Chuo kina wino wake wa kuagiza, na Pantone 289 inatajwa kama jirani tu, iliyo karibu kuliko nyingine.

Hapo ndipo mkaguzi mwenye haraka huanguka. Kwenye skrini Yale wanaandika 00356B, yaani 0, 53, 107. Pantone wanasema 289 C kwenye skrini ni 0C2340, yaani 12, 35, 64. Tofauti ya bluu peke yake ni 43 katika kipimo kinachoishia 255. Ukizifungua mbili hizo ubavu kwa ubavu, moja ni bluu na nyingine inakaribia weusi. Lakini Yale hawajajipinga. Hawakusema 289 ndiyo rangi yao; walisema inaikaribia, na ile ya skrini ikachaguliwa kwa ajili ya skrini.

Kilichonivutia zaidi ni maneno. Gambell aliieleza bluu hiyo kuwa yenye nguvu na nzito kiasi, isiyoelekea zambarau wala kijani, ingawa inaruhusiwa kuwa na ukijivu kidogo. Soma tena sharti hilo kwa macho ya mtu wa mtamboni. Vipimo vya maabara kwa kawaida hutaja umbali wa kosa: rangi imepotoka kiasi gani. Sharti la Yale linataja upande. Ikielekea kijivu, pokea mzigo. Ikielekea zambarau, kataa. Namba peke yake haikupi hukumu hiyo. Miongozo mingi ya kurasa nyingi, yenye picha za wanafunzi wakicheka kwenye nyasi, haina hata sentensi moja ya aina hii.

Bluu hiyo, kwa njia, ina watoto. Berkeley waliichukua mwaka 1873, ingawa Yale wenyewe walikuwa bado hawajaifanya rasmi, kwa kuwa waasisi wao wengi walisoma Yale. Chuo Kikuu cha Mississippi nacho mwaka 1893 kikachanganya bluu ya Yale na nyekundu ya Harvard. Leo Berkeley na Yale hawatumii bluu moja, wala hakuna anayelalamika.

Bluu nyepesi ina shida nyingine. Chuo Kikuu cha North Carolina kinarithi bluu yake kutoka kwa vyama vya midahalo vya wanafunzi vilivyoanza mwaka 1795. Upande wa michezo huandika 7BAFD4, ambayo ndiyo Pantone 542 ilivyo kwenye skrini. Chuo chenyewe kwenye tovuti huandika 4B9CD3, iliyokoza zaidi. Piga hesabu ya maandishi meupe juu yake: kwenye ile ya kwanza uwiano wa mwanga ni kama 2.35 kwa 1, kwenye ya pili unafika 3 kwa 1, kiwango cha chini cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote, kwa maandishi makubwa. Ya kwanza inafaa jezi, ya pili inasomeka. Ningependa tu kila moja ingepewa jina lake.

Baada ya karatasi, dai vitu vyenyewe: kofia iliyodariziwa, bango la nguo, kipande cha joho. Kitambaa na wino vinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya duka na kuachana mara ukitoka nje, kwa sababu rangi za nguo na za wino hazimezi mwanga kwa namna moja. Kiwango cha wachapaji ni taa ya kelvini 5000. Angalia hapo kwanza, kisha juani, kisha chini ya taa ya ukumbi ambamo mahafali yatafanyika. Na kitabu cha sampuli unacholinganishia kiwe kipya: Pantone wenyewe hushauri kibadilishwe kila baada ya miezi 12 hadi 18, maana karatasi hubadilika na wino hupauka.

Ukipewa mwongozo wa chuo uupitishe, uliza kwanza ni kipi kati ya hivyo vyote ndicho asili, kama ni hariri, wino au namba ya skrini, kisha uliza kinahifadhiwa wapi na nani ana mamlaka ya kukataa kazi. Wakikujibu kwamba vyote ni sawa, usitie sahihi.