Kumega, Kugawa na Kuumbiza: Istilahi za Diski

Mwenye kutaka kuweka Linux katika kompyuta ambayo tayari ina Windows hana budi kwanza kupata nafasi katika diski. Jambo hili lastahili kuangaliwa sasa, kwani tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kiswahili si kigeni katika uwanja huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa lugha yetu. Hata hivyo istilahi za diski zingali na kasoro, na iliyo kubwa imo katika neno "umbiza".

Katika programu za ofisi, kuumbiza ni kuyapa maandishi sura: kukoleza herufi, kupanga aya. Lisilopendeza hurekebishwa. Likihamishiwa kwenye diski, neno hilo la upole huficha tendo la hatari, yaani kufuta yaliyomo na kuandaa fungu zima upya. Mwalimu wa Karatu aliyezoea kuumbiza mtihani wake hana sababu ya kukiogopa kitufe chenye jina lile lile, ilhali alama za wanafunzi wake za miaka mingi zimo humo. Istilahi moja isibebeshwe matendo mawili, moja la kurekebishika na jingine la kuangamiza. Kwa diski twapendekeza "futa na uandae upya". Ni refu, lakini urefu huo ndio onyo lake.

"Gawa" nalo halitoshi, maana halisemi iwapo mwenye mali hubakiwa na kitu. Neno lifaalo tunalo katika lugha ya utawala: kumega. Wilaya ya Karatu ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, na Mbulu ikabaki wilaya. Ngorongoro ilimegwa kutoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1959, na Serengeti ikabaki hifadhi. Kila mtumishi wa serikali aelewa kwamba cha awali hupungua, hakifi. Ndivyo ilivyo katika diski: fungu la Windows hupunguzwa, nafasi iliyomegwa hubaki wazi, na Linux huwekwa humo.

Ngorongoro yatukumbusha pia kwamba mpaka hauchorwi mahali patupu. Ule wa 1959 uliwahamisha Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti. Katika diski vilevile, data zilizo upande unaomegwa huhamishwa kwanza, na zisizohamishika huuzuia mpaka usisogee. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zaweza kupotea. Kwa hiyo mwongozo uanze na "weka nakala ya akiba", ndipo ufuate "mega". Tafsiri inayogeuza mpango huo, hata ikiwa na sarufi safi, ni tafsiri mbovu.

Twawaomba watafsiri na walimu wayajaribu maneno haya kwa mtumiaji asiyejua Kiingereza kabla hayajasanifishwa. Akisita mbele ya "futa" na asisite mbele ya "mega", istilahi zitakuwa zimetimiza kazi yake.