Kuta za Bayeye na Vitabu vya Sanaa

Vitabu vingi vya historia ya sanaa huanzia mapangoni. Mwanafunzi huonyeshwa mafahali wa Lascaux, kule Ufaransa, akapitishwa Misri, Uyunani na Roma, akapumzishwa Italia ya karne ya 15 na 16, na mwishowe akafikishwa Paris ya Picasso. Ni safari yenye manufaa, wala hatuikatai. Lakini kijana wa Shinyanga au wa Geita aimalizapo hubaki na fikra kwamba wahenga wake walilima, wakachunga, wasichore kitu.

Mwaka 1940 vijana wanne waliingia katika pango la Lascaux wakazikuta picha zile. Mwaka huo huo John Williamson aliigundua almasi ya Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Geita ilikwisha kujulikana kwa dhahabu tangu miaka ya 1930. Hivyo wageni waliokuja kwetu waliinamisha macho wakitafuta kilicho chini ya ardhi. Wachache mno waliingia katika msonge wakatazama ukuta.

Mmoja wa hao wachache alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya utafiti wa mila kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Kitabu chake juu ya picha za ukutani za wacheza nyoka kilichapishwa mwaka 1953. Wacheza nyoka hao ni Bayeye, chama cha Wasukuma wajuao kukamata nyoka, kuwachezesha na kuwatibu walioumwa. Picha zao zilichorwa ndani ya nyumba ya chama, zisionwe na kila mpita njia. Aliyezitazama alikuwa mtu anayeingizwa chamani, anayefundishwa dawa, nyimbo na siri.

Tunamshukuru Cory, kwa kuwa udongo huanguka na karatasi hudumu zaidi. Hata hivyo kitabu chake chapasa kusomwa kwa hadhari. Katika ukurasa picha imetulia, imezungukwa na weupe, nayo yangoja kusifiwa au kulaumiwa kama picha ya sebuleni. Katika msonge haikuwa hivyo. Mchoraji hakujishughulisha na kufananisha sura ya mtu fulani. Alitaka fundisho likae kichwani mwa mwanagenzi, na wimbo ulikuwa nusu ya kazi hiyo. Anayesema kwamba watu wa picha hizo wamechorwa kitoto anahukumu nusu ya kazi akidhani ni nzima.

Mtu ataweza kutujibu kwamba sanaa isiyodumu haiwezi kuwa na historia. Hoja hii ina nguvu kidogo tu. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imedumu kwa sababu ilichorwa juu ya mwamba. Wasukuma walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Tofauti hiyo ni ya ukuta. Haitupi kipimo cha akili ya mchoraji. Tena baadhi ya mapango ya Kondoa yameendelea kutumiwa na wenyeji kwa matambiko, jambo ambalo mwalimu wa historia hulisahau akiharakisha kuyaita ya kale.

Na je, mabadiliko ya mitindo, ambayo vitabu huyaona Ulaya peke yake? Hapa ndipo Usukuma unapotupa mfano ulio bora kuliko yote. Ngoma zimegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, wafuasi wa Ngika na wa Gumha, waganga wawili walioshindana katika karne ya 19. Pande hizi huchezwa kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi. Kwa hiyo kila mwaka lazima pazuke jambo jipya: wimbo mkali zaidi, nyoka mkubwa zaidi, sanamu ya mti ya kuwashangaza watazamaji. Sanamu nyingi za Kisukuma tunazoziona zimesimama kimya katika majumba ya makumbusho zilichongwa kwa ajili ya vurumai hiyo. Wachoraji wa Paris nao walishindana.

Upande wa Geita tungeweza kusema mengi juu ya Warongo, wafua chuma ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani. Wao pia walijenga tanuru la udongo na kulizungushia miiko. Vitabu huwaweka katika sura ya ufundi, mbali na sanaa. Ukuta huo kati ya sura hizo mbili haukujengwa na Warongo.

Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yamehifadhi ngoma, viti vya watemi na vifaa vya wachezaji, na sherehe ya Bulabo bado huwakutanisha Bagika na Bagalu. Mwalimu wa Kahama au Kishapu anayeweza kuwapeleka wanafunzi wake huko na awapeleke siku ya ngoma. Asiyeweza, awatume kwa wazee wa kijijini. Wasianze kuuliza picha zilifananaje, maana mzee atajibu kwamba nyumba ilianguka zamani. Waulize ziliimbiwa nini.