Maswali ya Katekisimu na Maswali ya Watu katika Ngara na Biharamulo

Vitabu vya maswali na majibu vimelitumikia Kanisa muda mrefu, wala si nia yetu kuvidharau. Luther alitoa Katekisimu yake Ndogo mwaka 1529, baada ya kuona kwamba watu wa vijijini hawakujua hata Sala ya Bwana. Kanisa la Kiingereza liliiweka katekisimu yake ndani ya Kitabu cha Sala. Kanisa Katoliki nalo, lilipotoa Muhtasari wa Katekisimu yake mwaka 2005, liliurudia mtindo huo huo, likaweka maswali 598. Mtindo uliodumu namna hii una nguvu yake: asiyejua kusoma aweza kuyachukua mafundisho kichwani, akaenda nayo shambani na machungani.

Lakini iko kasoro moja ambayo yatupasa waalimu kuitazama, nayo yaonekana katika lugha yenyewe. Katekisimu huuliza kwa maneno haya: nani, nini, ngapi, maana yake nini. Anayeuliza ni mwalimu, naye ajua jibu. Anayejibu ni mwanafunzi, naye amekwisha kufundishwa la kusema. Nyumbani mambo hugeuka. Anayeuliza ni mtu aliyepatwa na jambo, na neno lake ni mbona. Mbona mtoto wangu amekufa kabla ya kubatizwa? Mbona nisimwagie babu yangu pombe ya ndizi, hali nimeambiwa niwaheshimu baba na mama? Mbona jirani asiyesali amepata mvua, na shamba langu limekauka?

Kila ajuaye Kiswahili asikia kwamba mbona si sawa na kwa nini. Kwa nini hutafuta sababu. Mbona huleta lalamiko pia, na mara nyingi humshtaki yule anayeulizwa. Basi mwalimu anayelijibu swali la mbona kana kwamba ameulizwa nini, huwa amesema kweli, lakini hakujibu. Mama aliyefiwa apewa maelezo ya ubatizo. Aitikia kwa adabu, kisha aenda zake kwa mganga, ambaye angalau atamwuliza habari za mtoto. Twamlaumu mama huyo kwa udhaifu wa imani. Ingefaa kwanza tuulaumu udhaifu wa masikio yetu.

Pili, vitabu vyetu husema na watu kana kwamba hawakuwahi kusikia neno lo lote juu ya Mungu. Wahangaza, ambao lugha yao ni jirani sana ya Kirundi, humtaja Mungu kwa jina la Imana, nao huliweka jina hilo ndani ya majina ya watoto, kama wafanyavyo ndugu zao wa Burundi na Rwanda. Habimana ni kusema kwamba Mungu yuko. Hakizimana ni kusema kwamba Mungu ndiye aponyaye. Majina hayo ni mafundisho mafupi, nayo mara nyingi hutolewa kwa sababu ya jambo lililoipata nyumba: ugonjwa, kifo, au ugomvi wa majirani.

Tena, katekisimu ya Kitabu cha Sala cha 1662 yaanza kwa kumwuliza mtoto jina lake, kisha yamwuliza ni nani aliyempa. Mlango mzuri ulioje kwa mwalimu wa Ngara! Lakini jibu lililoandikwa lawataja wadhamini wa ubatizo tu, na darasa lapita upesi kwenda swali la tatu. Kama mwalimu angesimama hapo kidogo, akauliza kwa nini baba alimwita mtoto Hakizimana, huenda angeisikia mbona ya nyumba nzima, pamoja na jibu ambalo baba alikwisha kulianza mwenyewe.

Twasema hayo kwa sababu jambo hili si la darasani tu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, wakakaa Benako. Nchi waliyoikimbia ilikuwa imebatizwa sehemu kubwa. Miongoni mwa waliouawa huko walikuwamo waliojua majibu yote kwa moyo. Na miongoni mwa waliowaua walikuwamo vile vile. Wanyarwanda wana msemo kwamba Imana hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Baada ya mwaka ule msemo huo wenyewe uligeuka kuwa mbona, na hakuna swali hata moja la katekisimu lililotungwa ili kuibeba. Zaidi ya hayo, tulijifunza kwa uchungu kwamba mtu aweza kuitaja amri ya tano au ya sita bila kukosea neno, kisha akamwua jirani yake. Jibu lililokaririwa bila swali la moyo halimzuii mtu.

Je, tuvitupe vitabu? Hasha. Twasema kwamba mpangilio ubadilike. Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alisisitiza jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani hukaa pamoja, husoma Injili, na kila mtu huleta jambo la nyumba yake. Nao watu wa uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka hadi kwetu, walizoea kumjibu mwulizaji kwa kusimulia waliyotendewa na Mungu. Njia hizo mbili zina hatari zake: ya kwanza yaweza kuwa mazungumzo tu, na ya pili yaweza kumfanya msimuliaji kujisifu. Hapo ndipo kitabu kina kazi yake, kuyapima maneno yetu. Lakini na kije baada ya masikio, si kabla yake.

Desturi yetu ya Kiswahili yatufundisha hivyo hivyo. Hatumwelezi mfiwa habari yo yote kabla ya kumpa pole. Pole si jibu, wala haiondoi msiba. Lakini asiyeitoa hana haki ya kusema zaidi. Na mwalimu asiogope neno mbona kana kwamba ni kufuru. Zaburi ya 22 yaanza kwa kumwuliza Mungu hivyo hivyo, na Bwana wetu alikichukua kilio hicho kuwa chake msalabani. Kama Yeye aliuliza, wanafunzi wetu nao na waulize. Na sisi tukae nao chini, tusiharakishe kufungua ukurasa.