Jembe la Asubuhi ya Kwanza

Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Karatu, kwenye miteremko ya nje ya kreta ya Ngorongoro, mgeni huliomba mwenyewe asubuhi ya kwanza, na malazi analipa vilevile. Hapo ni Gibb's Farm, shamba la kahawa lenye vitanda.

Walianza walowezi wa Kijerumani, miaka ya 1920 ikielekea ukingoni. Mwaka 1948 akalinunua James Gibb, Mwingereza aliyekuwa ametoka vitani. Na mwaka 1972 yeye na mkewe, Margaret, wakaanza kupokea watalii waendao kreta. Miaka 5 baadaye Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii kutoka Nairobi yakakatika hadi 1983. Hoteli tupu, mpaka ukifungwa, hubaki kuhesabu mashuka. Penye shamba kahawa huiva tu, watalii waje wasije.

Na kahawa ndiyo, kwa maoni yangu, iliyofundisha nyumba ile ukarimu. Buni haziivi kwa pamoja: tawi moja lina nyekundu, lina za manjano, lina mbichi kabisa. Mchumaji hupita mti uleule mara kadhaa kwa msimu, akitoa zilizoiva na kuziacha nyingine zingoje zamu yao. Zilizochumwa hazilali, siku hiyohiyo humenywa ganda, huachwa zichachuke, huoshwa utelezi wote uishe, kisha huanikwa juu ya vichanja. Hapo yupo mtu wa kuzigeuza mchana kutwa, na wingu likitokea azifunike kabla ya tone la kwanza. Aliyezoea kazi hiyo hahitaji kufundishwa kumtazama msafiri anayeshuka garini na vumbi jekundu la Karatu hadi kwenye kope, akajua huyu anataka maji ya moto kwanza, yule anataka kuachwa peke yake.

Kibao cha njiani kina jina la familia moja, ambayo leo si mwenye shamba tena. Wachumaji, wapishi na wakata majani ya ng'ombe, wengi wao Wairaqw wa vilima hivyo, hawamo kwenye kibao. Ninaposifu ufundi huu nawasifu hao zaidi. Kununua shamba si kazi ngumu kama kulipalilia.

Mezani kuna karoti, saladi na figili kutoka bustani iliyo hapo chini, inayopakana na msitu wa nyati na tembo. Mgeni husifu mchuzi. Mpishi hushukuru, huku akihesabu viti: idadi hiyo ataipeleka kwa mtunza bustani kabla hajalala, kwa sababu saladi ya kesho hukatwa alfajiri, ikingali na umande.