Singo Mbili: Neno na Jibu katika Harusi ya Nzega

Kwetu visiwani singo ni manukato anayosingwa mwari siku chache kabla ya harusi, na mshairi akilitaja neno hilo msomaji huisikia harufu ya liwa na asumini pasina kuelezwa. Nilipokwenda Nzega, mkoani Tabora, kuhudhuria harusi ya binti wa rafiki yangu, karani wa kamati alinikabidhi kadi akaniambia, "Mzee, yako ni ya singo." Nikaigeuza upande wa pili nione iwapo ina harufu. Maana yake ilikuwa kwamba nimeruhusiwa kuingia ukumbini peke yangu. Jirani yangu aliyechanga zaidi alipewa "dabo", akaingia na mkewe.

Nimekianza kisa hiki kwa neno kwa sababu uhakiki ninaotaka kuufanya ni wa maneno. Juu ya gharama za harusi yamekwisha kuandikwa mengi. Juu ya usemi wake, yaani nani husema harusini na nani humjibu, sijaona mengi.

Nzega si pembeni kama tunavyodhani sisi tuliozoea kuupima Uswahili kwa upepo wa bahari. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, ilikuwa na tawi lililoelekea kaskazini mpaka Nyanza, na Speke aliipita nchi hiyo ya Unyamwezi mwaka 1858. Vitambaa na shanga vilipanda, pembe zikashuka, na wapagazi wa Kinyamwezi wakashuka nazo. Baadhi yao walibaki Unguja wakachuma karafuu, na sitashangaa iwapo mjukuu wa mmoja wao anazisoma kurasa hizi. Siku hizi barabara kuu ya lami itokayo Singida kwenda Mwanza hupita Nzega, na harusi huja kwa mabasi: mashela ya kukodi, keki za ngazi, spika, na hata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa wa Wachaga, ambaye nilimwona akiingizwa kwa shangwe mbele ya Wanyamwezi wafugaji wa ng'ombe.

Wapo wanaolia kwamba harusi imegeuka biashara. Ningependa waniambie ni lini haikuwa. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, Tippu Tip anatuambia kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Msomaji haambiwi habari hiyo kwa ajili ya mapenzi. Anaambiwa ili aelewe heshima na nafasi aliyoipata mfanyabiashara wa pwani katika nchi ya watu. Ndoa ile ilikuwa mlango wa pembe za ndovu. Basi kamati yenye mweka hazina na daftari la ahadi hainitishi, na michango inayotumwa kwa simu hainikeri; mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuwalisha watu 300 kwa mshahara wake, na watu kuchangiana si aibu.

Kinachonikera ni kipaza sauti. Kilikuwa kimoja.

Mshereheshaji alikuwa kijana hodari. Alisema tangu saa mbili ya usiku hadi karibu na saa sita, na katika muda wote huo sikumsikia akitoa sentensi moja ambayo isingalifaa kusemwa Mbeya, Tanga au Sinza. Bwana harusi alikuwa mtanashati, bibi harusi alikuwa malaika, wazazi walikuwa nguzo, na sisi wageni tulikuwa watu wa kupiga makofi. Simlaumu, analipwa ili kimya kisiingie ukumbini. Lakini katika fasihi simulizi tumefundishwa kuuliza anayeambiwa ana njia gani ya kujibu, na pale ukumbini hapakuwa na njia. Muziki ulipandishwa kila mtu alipofungua kinywa. Bibi harusi alisema "asante" mara mbili, akashika kisu cha keki.

Linganisha na posa ya binti huyohuyo, niliyosimuliwa na baba yake. Mshenga alikuja akasema wameona ua katika bustani ya nyumba ile. Akajibiwa kwamba maua yamo mengi, ataje rangi. Akataja. Akaambiwa lile lina miiba, na waliotangulia waliondoka na damu vidoleni. Mazungumzo yakaenda hivyo hadi jioni, ng'ombe wakihesabiwa kwa mafumbo, wakiongezwa na kupunguzwa. Si ushairi mkubwa, na mafumbo hayo yamekwisha chakaa kwa kutumika. Lakini kila neno lilisubiri mwenziwe, na mshenga asiyejua kujibu angalirudi mikono mitupu. Huo ndio muundo wa tungo zetu za kujibizana, na ndio muundo wa utani, ambao Wanyamwezi waliufunga na makabila ya njiani hadi Wazaramo wa pwani. Mtani ana haki ya kumkatiza msemaji, kuicheka pua ya bwana harusi na kudai malipo ndipo anyamaze. Kwenye ratiba ya kamati niliyoiona, mtani hakuwa na dakika zake.

Hapa nahofia nisije nikajenga Nzega ya kale isiyokuwako. Anayejibu katika posa si binti. Ni wazee wawili, wanaume aghalabu, wakijibizana juu yake. Na mkoa huu una hesabu nzito: uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Tabora wanawake 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ni Shinyanga pekee iliyowazidi, kwa 59. Wengi wa wasichana hao hawakuona kadi wala keki. Waliona ng'ombe wakiingizwa zizini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana, na inatamka kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, iliamua 2016 kwamba vifungu hivyo vya umri vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Ridhaa ni neno. Anayeozwa kabla hajalijua neno hilo hawezi kulitamka, hata akipewa kipaza sauti.

Wala Unyamwezi haukuwa na ndoa ya namna moja. R. G. Abrahams, aliyeichunguza nchi hiyo na kuandika habari zake katika miaka ya 1960, alieleza kwamba palikuwa na ndoa ya mahari na ndoa isiyo na mahari, na katika hii ya pili watoto walihesabiwa kuwa wa upande wa mama. Hapana shaka mashangazi wa zamani walikuwa na mengi ya kusema katika ndoa ya namna hiyo.

Nirudi kwa mwari. Juma moja kabla ya ukumbi palifanywa kicheni pati, na mwenyeji wangu alinisimulia yaliyofaa masikio ya mwanamume. Palikuwa na sufuria, ndoo, seti za vikombe, na mshauri aliyekodiwa kutoka mjini Tabora. Alitoa nasaha zake kwa dakika 40 akaondoka kuwahi shughuli nyingine. Watu wa pwani watamkumbuka Mwana Kupona, ambaye utendi wake huhesabiwa kuwa wa 1858, mwaka uleule Speke alipopita Unyamwezi. Tumezoea kuusoma kama hati ya utii, na mengi yaliyomo, hasa juu ya kumridhi mume, msichana wa leo ana haki ya kuyapinga. Lakini angalia unavyoanza. Mama mgonjwa anamwita bintiye aje na wino na karatasi. Mwana Hashima haketi tu kusikiliza. Ndiye mwenye kalamu. Na mama anazungumza kutokana na ndoa yake mwenyewe na Bwana Mataka, jinsi walivyoishi na jinsi alivyoagana naye, hata msikilizaji ana kitu cha kukipima. Mshauri wa kukodiwa hakusema neno juu ya mume wake. Pengine hakuruhusiwa na bei.

Unyago nao, tulioufahamu kwa ngoma ya Bi Kidude mpaka alipofariki 2013, ni wimbo unaodai kiitikio. Kungwi akianzisha na chumba kikanyamaza, hakuna somo. Ni dhahiri kwamba kicheni pati imekopa huko, ila imekopa nusu: imechukua mwenye kufundisha ikawaacha wenye kuitikia, na wageni wote wameshika simu wanapiga picha.

Lipo jambo moja lililonitoa Nzega nikiwa na matumaini kidogo. Kule ukumbini shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa miaka kama 70, alisimama akaanza kuimba kwa Kinyamwezi. Alifika ubeti wa pili. Mshereheshaji akamwambia kwa adabu, "Bibi, muda umetubana," na muziki ukapandishwa. Bibi akaketi, akajifunika kanga.

Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kuaga. Chini ya mwembe wanawake walikuwa wakiosha masufuria ya kukodi, na bibi harusi, kichwa kitupu, shela limekwisha rudishwa dukani, alikuwa akiwasaidia. Shangazi akauanza tena wimbo wake pale alipokatizwa. Nilitafsiriwa na baba wa binti: bibi anauliza ni nani atakayemchotea maji sasa, na kwa nini nyumba ile ya ugenini imepewa binti anayejua kusoma barua zake. Wanawake wakaitikia. Ubeti ulipokwisha binti akainua uso akajibu, kwa wimbo uleule, kwamba barua azitie katika mfuko wa basi la kila siku, naye atazisoma na kuzijibu, na mume akiuliza ataambiwa ni za ofisini. Shangazi alicheka hata akaliachia sufuria. Akajibu ubeti mwingine ambao mwenyeji wangu alikataa kunifasiria.

Waliendelea hivyo karibu saa nzima. Mpiga picha wa video hakuwapo. Malipo yake yalikuwa mpaka saa sita ya usiku.