Subaru Mbili na Goti la Mjomba

Mjomba wangu ana Subaru mbili uani kwake Pasiansi, na moja lazima iuzwe. Ya kwanza ni Impreza WRX ya miaka ya tisini, ile ya umbo la kisanduku ambayo mafundi huiita GC8. Ya pili ni WRX S4 ya mwaka 2015, aliyoiagiza Japani, ambayo mpaka leo ukiiwasha inakusemesha Kijapani, ikikukumbusha kuwa hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao. Jumamosi moja alinipa funguo zote mbili. "Mjomba, wewe ndiye unayeandika andika. Kaziendeshe, halafu uniambie ipi ibaki."

Nikiri mapema: nilikuwa nimeshaamua kabla sijafunga mkanda. Hakuna mtu wa ukanda huu anayeifikia GC8 kama hakimu asiye na upande. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ndiyo iliyotuachia imani kwamba gari la maana ni lile linalotoka matopeni likiwa bado linakimbia. Colin McRae alipoishinda Kenya mwaka 1997, alikuwa ndani ya Impreza ya bluu. Ya mjomba ni nyeupe, na mlango wake wa nyuma hufunguka kwa nje tu, lakini imani haijali rangi.

Kwenye karatasi, mpya inashinda. S4 ina nguvu za farasi 300. WRX za mwanzo, mwaka 1992, zilitoka na 240. Ila mpya ina uzito wa kilo 1,500 na ushee, ya zamani kilo 1,200 na ushee, na hizo kilo 300 unazisikia kwenye kona ya kwanza.

Nilianza na ya zamani, nikapanda nayo Isamilo. Kona zile ni fupi, mawe makubwa yamekaa pembeni kama wazee kwenye baraza, na huwezi kwenda zaidi ya 40 kwa saa bila kumkosea heshima mtembea kwa miguu. Na bado nilitoka jasho. Usukani wake ni wa haidroliki, mzito, na kila jiwe dogo chini ya tairi la mbele linapanda mpaka viganjani. Klachi inataka mguu mzima. Ukikosea gia unaposhuka, gari zima linatikisika kukuonyesha ulichofanya. Hata ule mngurumo wake una sababu: mabomba ya moshi hayalingani urefu kabla ya kufika kwenye tabo, kwa hiyo moshi unafika kwa kupishana, kama ngoma iliyorukwa pigo moja. Kwenye injini ya S4 wameyasawazisha. Ni uhandisi bora, na sauti imekufa.

Mchana nikachukua mpya, nikatoka kupitia Mkolani na Buhongwa hadi Usagara, nikakata kuelekea Kigongo. Hapo ndipo malalamiko yangu yalipopata mwili. S4 haina gia za kuhesabika. Ina mnyororo unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Kwa kuwa walijua dereva atachoka kusikia injini ikiimba sauti moja, wakaiwekea gia 8 za kuigiza. Nilizibofya kwa vidole nyuma ya usukani, nikajisikia kama mtoto aliyepewa usukani wa plastiki kwenye kiti cha abiria. Gari hili linaanza kufurahisha mahali ambapo mimi sina ruhusa ya kufika. Kwa 80 linapiga miayo. Na kati ya Mwanza na Kigongo kuna matuta, kuna bodaboda zinazochomoza, na kuna trafiki mwenye tochi chini ya mti. Nilivuka Daraja la J.P. Magufuli, lile lililofunguliwa Juni 2025, kilometa zipatazo 3 juu ya ziwa ambazo zamani zilikuwa foleni ya kivuko na sambusa za kupoozea njaa, na sikumbuki mikono yangu ilifanya nini.

Nakumbuka ya kurudi. Mvua ilinishika kabla ya Usagara, na ng'ombe akaingia barabarani bila mchungaji. Nilikanyaga breki kwa woga, kwa nguvu zote, jinsi usivyotakiwa kukanyaga kwenye maji. S4 ikatetemeka kidogo chini ya unyayo, ikasimama imenyooka. GC8 ya mjomba haina ABS. Najua ingenipeleka wapi, kwa sababu mtaro ulikuwa pale pale.

Hata hivyo nilirudi na hukumu ile ile. Nilimwambia mjomba, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kwamba raha ya kuendesha ni gari kukuhitaji. Kwamba ya zamani inakuhitaji hata kwa 30, na mpya inakuvumilia tu. Ile habari ya ng'ombe niliipitia haraka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandisha suruali mguu wa kushoto. Goti lilikuwa limevimba kama limao kubwa.

"Wewe umeiendesha saa moja, mjomba," alisema. "Mimi foleni ya Buzuruga nakanyaga klachi mara mia. Mwezi mzima sasa sijaenda popote jioni."

Nilikuwa nimekosoa magari mawili kwa magoti yangu mwenyewe. Mzee ambaye raha yake ni kuzunguka Capri Point jua likizama, akisimama kununua sato, hakuwemo kabisa kwenye hoja yangu, na gari ni lake. Bado naamini GC8 ndilo gari bora. Nimekosa tu namna ya kulisema hilo mbele ya lile goti.

"Basi inunue wewe," akasema, akataja bei. Nikaangalia ukuta.

Jioni ile tulitoka na S4, yeye akiendesha. Alibonyeza kitufe, ile sauti ya kike ikaanza maneno yake ya Kijapani.

"Marahaba," mjomba akaitikia, akarudisha gari nyuma.